Miadi ya Tarehe Kumi na Tisa

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepunguza malalamiko. Mimi sijambo. Binamu mwalimu ameniandikia kwamba amejifungua salama, mtoto wa kike, na kwamba wewe umekataa katakata kumpakata mpaka shingo yake ikaze. Tangu lini? Mimi ulinipakata nina siku chache duniani, mama akiwa bado kitandani, ukanizungusha uani ukinionyesha mabango uliyoyachora. Nimesimuliwa hayo mara nyingi kiasi kwamba nayakumbuka, ingawa haiwezekani.

Chumba changu ni kilekile, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta. Jirani wa kushoto amehama. Nilijua kwa sababu redio yake imenyamaza. Hatukuwahi hata kusalimiana, lakini ile redio nimeikosa, Mjomba, nimeikosa kweli.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, kwa kuwa watu wakikuuliza unawaambia "mambo ya simu" na wao wanadhani nauza vocha. Basi sikiliza. Mtu akitengeneza programu ya simu, kabla hajaitoa kwa watu anatuletea sisi tuikague. Kwanza tunaipima mwili: inafunguka haraka au inasuasua, inakula bando na betri kiasi gani, ikiwekwa kwenye simu kuukuu inaganda au inakwenda. Halafu tunamweka mtu mbele yake, tunampa kazi moja ya kufanya, tunamtazama. Akikwama hatumsaidii. Akitugeukia kwa macho ya huruma tunatazama pembeni. Mimi uliyeniita Chiriku kwa kuwa sikufunga mdomo tangu alfajiri, leo nalipwa ninyamaze. Kuna siku narudi nyumbani, nikijisemesha nashtuka kusikia sauti yangu.

Na sheria yetu kubwa ni hii: mtumiaji hana kosa. Mtu akibonyeza pasipo pake, akipotea, akikata tamaa, kosa ni la programu. Msimamizi wetu anairudia kila asubuhi kama dua.

Sasa nina ombi. Tunakagua programu ya kupanga miadi ya hospitali, na tunatafuta watu wazima walio mbali, wenye simu zisizo mpya na mtandao wa kuvizia. Nimekuandikisha wewe. Ile simu niliyokutumia itoe kabatini. Fundi viatu wa barazani kwako nimemtumia kiungo, akusaidie kuiweka, kisha aondoe mikono. Chagua hospitali, chagua kitengo chochote, chagua siku, nenda mpaka mwisho. Halafu niandikie kwa simu ulichokiona, bila adabu hata kidogo.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Machi

Chiriku mpwa wangu,

Marahaba. Na nyingine ya akiba, maana posta ya siku hizi sijui utakuja kunisalimia tena lini. Goti liko palepale, limenizoea nami nimelizoea. Mtoto wa binamu yako ni mzuri, wanasema amechukua sura ya marehemu mama yako. Mimi sikusogea sana. Watoto wachanga wanahitaji hewa.

Kazi zipo. Nimemaliza bango la kinyozi wa njia panda. Alilipokea kwa mdomo mrefu, eti mstari wa chini umepanda upande wa kulia. Nikamwambia ukuta wake ndio umekaa upande, mimi nimenyoosha. Akacheka, lakini kicheko chake sikukipenda.

Haya, programu yako. Umesema bila adabu, basi funga mkanda. Kwanza, kufunguka. Niliigusa, kikatokea kiduara kinazunguka. Kikazunguka. Nikaenda nikachemsha chai, nikanywa, nikaosha kikombe, nikarudi, bado kinazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Fundi viatu akasema ni mtandao. Nikamwambia atoe mikono kama ulivyoagiza.

Pili, herufi. Nani aliwashauri waandike kwa majivu? Nimepaka kuta maisha yangu yote, ninajua: herufi ikiwa haijulikani kama ipo au imefutika, mteja anapita. Hizi zimekaa kama zimeandikwa juu ya ukungu. Nilisogeza simu puani, nikaipeleka dirishani, nikaiinamisha. Na kile kitufe cha kuendelea wamekificha pembeni kulia, huko nilikitafuta mpaka shingo ikauma. Anayeficha kitufe ana jambo lake.

Lakini nilifika. Orodha ilikuwa na Hospitali Kuu, na kwetu ipo moja tu, nikaichagua. Kitengo nikachagua, kipi ni siri yangu. Nikapewa tarehe kumi na tisa mwezi huu, saa tatu asubuhi. Halafu kioo kizima kikawa kijani, maandishi makubwa, haya ndiyo niliyoyasoma bila taabu: UMEFANIKIWA. Nikakaa nikayatazama. Mjomba wako amefanikiwa katika jambo gani mara ya mwisho? Nilimwita hata fundi viatu aje aone.

Umesema nikuandikie kwa simu. Sitaki. Kwenye simu mtu anajibu kabla hajafikiri. Karatasi inakungoja.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Niliisoma ngazini, nikaisoma chumbani, na leo nimeisoma kazini kwa sauti. Mtu aliyepoteza ufunguo! Wenzangu walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kwake kuuliza kulikoni. Unajua nimekaa hapa muda gani bila kumchekesha mtu? Kwa dakika hizo walinitazama kama mtu mwenye kwao.

Tena nikupe hongera. Kati ya wazee wote walioijaribu kutoka mbali, ni wewe peke yako uliyefika mwisho bila kushikwa mkono. Kiduara tumekiandika: programu inavuta picha kubwa zisizo na kazi, simu ya zamani haiziwezi. Herufi nazo nimeziandika mimi mwenyewe, kosa la kwanza kabisa kwenye ripoti: maandishi hafifu, hayasomeki. Watengenezaji watapiga kelele, wapige. Mtumiaji hana kosa.

Ile tarehe usiihangaikie, haifiki popote. Hili ni toleo la majaribio, halijaunganishwa na hospitali yoyote ile, linamwambia kila mtu amefanikiwa. Sisi wa kazi hii tumelizoea jambo hilo mpaka tunasahau kulisema.

Nimeona mwandiko wako umenenepa. Umeanza kuniandikia kama unaandika bango? Karatasi nne kwa maneno ya karatasi moja! Lakini usipunguze, zinachukua muda mrefu kusoma na mimi jioni zangu ni ndefu.

Jumapili nilipika chakula cha watu wawili kwa kusahau. Nilikula sehemu yangu, nyingine nikaila Jumatatu. Si jambo la kusikitikia, nakuambia tu.

Mpwa wako,
Chiriku


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa na shughuli. Mtoto wa binamu yako ameanza kukaa. Paa la upande wa stoo lilivuja, limezibwa. Fundi viatu anakusalimu.

Programu ni nzuri, endeleeni nayo. Simu nimeirudisha kabatini, betri yake inaisha upesi.

Uliuliza siku za nyuma kama uje mwaka huu. Usije. Safari ni ndefu na kazi hazingoji mtu. Mimi ni mzima wa afya, sina ninachopungukiwa.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta utani, sikuupata hata mmoja. Mistari miwili ya mwisho imepandana, neno "afya" limekaa juu ya neno "kazi". Wewe, uliyenichapa vidole kwa kuandika nje ya mstari.

Nimekupigia simu ya fundi viatu mara kadhaa. Kila mara unaichukua, unasema, "Nipo, nipo salama, kata usimalize salio." Unakata wewe.

Nikueleze kilichotokea kazini, halafu nitakuuliza swali. Watengenezaji wa ile programu walikuja kikaoni kuijibu ripoti. Walikubali picha kubwa, walikubali kiduara. Walipofika kwenye herufi wakatoa vipimo. Nyeusi, Mjomba. Nyeusi tii juu ya nyeupe, hakuna nyeusi zaidi ya ile. Nami nikasimama nikabisha. Nikawaambia nina mtu mzima, fundi wa herufi, ameona majivu, na mtumiaji hana kosa. Nilibisha kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nifike mji huu. Mmoja wao, kijana mpole, akaniambia, "Dada, wazee wengine wote hawakulalamika."

Jioni nilichukua simu ya aina kama yako, nikaenda nayo dirishani kwenye mwanga mbaya, nikaiinamisha kama ulivyosema. Nyeusi. Na kitufe cha kuendelea hakiko mafichoni, kipo pembeni kulia mahali ambapo kila mtu anakiona.

Nimekaa nayo mkononi mpaka giza likaingia. Nikakumbuka kinyozi na mstari wake uliopanda, na mtoto usiyetaka kumpakata, na barua ya karatasi nne. Nilivifanyia mzaha vyote. Kazi yangu ni kutazama watu wanavyotazama, na wewe umenipita hivihivi.

Mjomba, unaona nini? Sikuulizi kama mkaguzi. Ulichagua kitengo gani?

Mpwa wako


15 Julai

Chiriku,

Marahaba.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa na maana. Mimi nimeumbuliwa na mpwa wangu, ni nafuu kidogo. Nitakuandikia yote mara moja halafu usiniulize tena.

Nilichagua kitengo cha macho.

Ilianza mwaka juzi, na ilianza kwa upole. Bandu bandu huisha gogo. Nikipita mlangoni bega linagonga. Nikimimina chai inakwenda mezani. Jicho la kulia likaanza kufunga mapazia kutoka pembeni, mwishowe likabaki na kidirisha kidogo katikati, nacho kina ukungu. La kushoto linajitahidi, linafanya kazi ya wawili, maskini.

Utauliza kwa nini sikwenda. Foleni ya Hospitali Kuu unaijua, inaanzia getini, barabara nzima inakuona. Mchoraji mabango akionekana kwenye foleni ya macho, nani atampa ukuta wake tena? Mkono ninao, rangi ninazo, lakini mtu anayekupa ukuta anaamini macho yako kwanza. Kwa hiyo nilinyamaza. Nikawa nachora kwa kupima na vidole, na mazoea yalinibeba.

Ndipo ukaniletea programu yako. Nikasema, Mungu ana njia zake. Nakaa chumbani kwangu, sioni mtu, nabonyeza, napewa saa yangu, naingia moja kwa moja kwa daktari bila kusimama getini. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu uje. Nilitaka nitibiwe kwanza, nikuandikie baadaye kama kichekesho.

Tarehe kumi na tisa nilivaa lile shati jeupe ulilonitumia. Nilifika mapema. Sikupanga foleni, nilikwenda dirishani kama mwenye miadi. Karani, binti mstaarabu tu, akatafuta jina langu. Hakulipata. Akatafuta tena. Nikamtolea simu, nikamwonyesha kijani chake na UMEFANIKIWA yake. Akaitazama, akaigeuza, akaniambia, "Mzee, hii siyo ya kwetu." Nikamwambia, "Binti yangu, imesema Hospitali Kuu." Akamwita mwenzake. Mwenzake akauliza kwa sauti ya kuita mnada, "Anataka kitengo gani huyu mzee?" Na wa kwanza akamjibu kwa sauti hiyohiyo, "Macho!"

Nyuma yangu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimeshampimia ukuta wake. Akaniambia pole, kwa moyo mzuri kabisa. Wiki ile ile alitundika bango la plastiki lililochapwa na mashine.

Barua yako ya kuniambia tarehe ile haifiki popote iliingia siku nyingi baadaye. Nilikaa nayo barazani. Sikukasirika nawe, nataka ulijue hilo. Ulisema chagua kitengo chochote, nami nikachagua kimoja kwa dhati. Kosa liko wapi hapo? Nilichokasirikia ni lile neno. Kama hujafanikiwa, programu ikuambie hujafanikiwa, mtu mzima atabeba. Liandike hilo kwenye ripoti yako.

Tangu siku ile sijarudi hospitali. Nilisema mara moja inatosha.

Barua hii nimeiandika kwa siku nyingi, mstari mmoja mmoja, nikiweka rula chini ya mkono. Usije. Ukija utanitazama, na mimi sitaki kutazamwa.

Mjomba wako


6 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umesema nisikuulize tena, sikuulizi. Lakini hukusema nisiseme, na leo nitasema mpaka nichoke.

Nimelia kazini. Si machozi ya kufuta kwa kiganja. Nimelia nikiwa mbele ya kompyuta yangu na watu wapo. Yule kijana mpole wa watengenezaji alikuja na glasi ya maji, akasimama nayo, hakujua aiweke wapi. Nilikuwa nimekupa neno la uongo ulibebe mpaka dirishani kwa watu, na shati nililokununulia mimi.

Niliandika kosa hilo kama ulivyoagiza. Sasa kila ukurasa wa toleo la majaribio unasema juu kabisa kwamba haya ni majaribio na hakuna hospitali inayopokea miadi hii. Na neno la kijani wameliondoa. Halafu unajua walifanya nini? Walinisifu. Msimamizi alisimama mbele ya wote akasema huu ndio ukaguzi hasa, jicho la namna hii halifundishwi. Jicho! Wakapiga makofi. Nilitaka sakafu inimeze.

Herufi nazo sikuzifuta kwenye ripoti. Nimewaambia nyeusi haitoshi. Mtu aweze kuzikuza mpaka zijae kioo, kwa sababu kuna watu wanaona majivu, na watu hao hawatasema.

Sasa tusikilizane. Nimeacha programu zote, nimeshika simu, nimeongea na mtu mwenye mdomo. Nje ya mji wenu, upande wa barabara ya kaskazini, kuna kliniki ndogo ya macho. Muuguzi wa pale nimemsimulia kila kitu. Nilimuuliza mara tatu kama jina lako ameliandika kweli, mpaka akaniambia, "Dada, nimeliandika kwa kalamu, nalitazama hapa." Ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Barua hii ikikuwahi au isikuwahi, fundi viatu nimempigia, anajua siku na saa, atafunga kibanda chake akupeleke. Usimkatalie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilijua, dada. Nilingoja aniambie." Mmekaa baraza moja miaka yote hiyo, mmoja anaficha na mwenzake anaficha kwamba ameona.

Niliomba ruhusa ya kuja. Wameniambia mkataba hauruhusu mpaka ripoti ya mwisho, nikiondoka kabla ya hapo nafasi yangu anapewa mwingine. Nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu. Wewe umesema nisije, wao wamesema nisiende, na mimi nimekaa katikati sijui namtii nani. Nikikutii wewe, najua nabaki kwa kuogopa kupoteza kazi, si kwa utii. Ukiniambia neno moja tu tofauti na hilo, Mjomba, mkataba na ukae, nakuja.

Nenda kwa daktari. Tafadhali.

Mpwa wako


10 Septemba

Kwa mpwa wa mzee,

Anayeandika ni mimi fundi viatu, mzee anasema na mimi naandika. Mwandiko wangu ni wa kushona viatu, utanivumilia. Haya, anaanza.

Chiriku, marahaba. Usishtuke kuona mkono mwingine, daktari amenikataza kukaza macho kwa muda. Fundi viatu huyu anaandika pole pole, ninasema sentensi naye anauliza tena, kwa hiyo barua itakuwa fupi.

Kliniki tulikwenda. Jina langu lilikuwepo. Muuguzi alinisomea mwenyewe, nikamwambia asome tena nilifurahie. Hawakuniita kwa sauti, walinijia mpaka kitini. Wanasema ni presha, si ya moyo, ni ya macho. Sikujua jicho nalo linapandisha presha, labda kwa kuishi na mimi. Jicho la kulia limestaafu rasmi. La kushoto bado lipo kazini, nimepewa dawa ya matone asubuhi na jioni ili lisimfuate mwenzake. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinatunzwa. Ndivyo alivyosema, na amesema vizuri, hakuzunguka.

Mabango basi. Brashi nimezisafisha zote kwa mafuta ya taa, nikampa binamu yako mwalimu azitumie na wanafunzi wake. Siku hiyo nilimpakata mtoto. Nilikaa kwanza, wakaniwekea mapajani. Mzito! Ananukia maziwa. Nilimpapasa uso, na kweli, paji la uso ni la mama yako.

Usijilaumu. Hilo nataka fundi viatu aliandike kwa herufi kubwa. USIJILAUMU. Sasa anasema mkono umechoka, mvivu huyu.

Mimi fundi viatu naongeza langu, mzee anadhani bado naandika la kwake. Daktari alisema angefika mwezi wa tatu jicho la kulia wangeliokoa kiasi. Na la kushoto hawezi kuahidi litakaa muda gani. Huenda miaka, huenda isifike mwaka. Mzee ameniapisha nisikuandikie hayo, na hawezi kuona nilichoandika. Nisamehe, dada. Usiku nikichelewa kufunga kibanda namsikia ndani akitembea akipapasa ukuta kwa kiganja. Kwako anatania, kwangu hatanii tena. Niliona ni haki uyajue.

Fundi viatu nimemtoa nje.
Huu ni mkono wangu. Sijui
kama mistari imenyooka.
Chiriku, uliondoka ukiwa
msichana. Picha ulizonitumia
zilikuja nikiwa sizioni tena,
nilikuandikia umependeza
nikikisia tu.
Sijui uso wako wa sasa.
Niliyoyasema yote kuhusu
kutokuja, yafute.
Njoo nikuone.
Njoo sasa.

Mjomba wako